Mayai Chini ya Nyaya

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Nekoye alibeba ndoo ya maji kutoka bombani na kupitia kwa jirani yao, Mama Ouma, kuwanywesha kuku. Mama Ouma alikuwa mjane aliyefuga kuku wa kienyeji huko Nyamasaria, karibu na barabara ya Kisumu kwenda Nairobi. Watu walitoka hata Katito kuja kununua vifaranga wake. Mwanawe, Ouma, alikuwa kidato cha tatu, na vifaranga hao ndio waliomsomesha.

Juu ya banda la kuku zilipita nyaya nene za umeme, zimening'inia kati ya minara mirefu ya chuma. Zilikuwa zimewekwa mwaka uliotangulia, yaani 1992. Asubuhi za manyunyu nyaya hizo zilivuma kama mzinga wa nyuki.

"Mama Ouma, hizi nyaya haziwasumbui kuku?" Nekoye aliuliza siku moja.

"Kuku wangu wanasumbuliwa na mwewe na nguchiro, nyathina," alijibu Mama Ouma. Aliwaita hivyo watoto wote wa mtaa, maana yake mwanangu. "Hizo nyaya ziko huko juu na shughuli zao."

Siku hiyohiyo Nekoye alimpelekea swali lake Mwalimu Masinde, aliyefundisha sayansi na kusimamia chama cha sayansi cha shule. Mwalimu aliweka chaki chini.

"Hilo ni swali zuri sana," alisema. "Palipo na umeme unaopita pana nguvu isiyoonekana kwa macho. Inauzunguka waya kama joto linavyolizunguka jiko, na ukisogea mbali inapungua. Juzi nilisikia redioni kwamba wataalamu wa ng'ambo wanachunguza kama nguvu hiyo inaweza kuudhuru mwili. Wengine wanajaribu kwa mayai ya kuku, kwa sababu kifaranga hukua upesi ndani ya yai."

"Na sisi tunaweza kujaribu!" alisema Lornah, rafiki wa Nekoye.

"Tena maonyesho ya sayansi yanakuja," aliongeza Wanyonyi, mwenyekiti wa chama. Alikuwa mvulana mchangamfu, mwepesi wa kutenda jambo kabla wengine hawajamaliza kulizungumza.

Wakakubaliana. Mama Ouma angewapa kuku wawili waliokuwa tayari kuatamia. Mmoja angeatamia mayai kumi na mawili bandani kwake, chini ya nyaya. Mwingine angeatamia idadi hiyohiyo katika stoo ya shule, mbali na nyaya. Kisha wangelinganisha.

Ijumaa walimpeleka kuku wa kwanza stoo na kumwekea mayai ya Mama Ouma. Kesho yake Mama Ouma aliondoka alfajiri kwenda mazishini Nyakach, na watoto walipofika bandani walikuta mayai yaliyobaki hayatoshi. Wanyonyi hakukaa kufikiri. Alikimbia, na baada ya muda akarudi akihema, amebeba mayai kumi na mawili ndani ya kofia.

"Umeyatoa wapi?" aliuliza Nekoye.

"Kwa mjomba wangu, Nyalenda. Yai ni yai. Mwekee kuku, twende zetu."

Mayai yalikuwa meupe kama yale mengine. Kwa macho hungeyatofautisha. Nekoye akayapanga chini ya kuku, na hakuna aliyeliwaza tena jambo hilo.

Wiki tatu zilipotimia, stoo ya shule ilijaa mlio wa vifaranga. Mayai yote isipokuwa mawili yalikuwa yameanguliwa. Watoto walikimbia hadi kwa Mama Ouma. Huko kuku alikuwa bado ameatamia kimya. Walingoja siku mbili zaidi. Hakutoka hata kifaranga mmoja.

"Mnaona?" Wanyonyi alipiga kelele. "Ni nyaya! Nyaya zimeua mayai!"

Habari ilitembea haraka kuliko mvua ya ziwani. Mwalimu mkuu aliisifu kazi hiyo mbele ya shule nzima, na chama kikachaguliwa kuiwakilisha shule kwenye maonyesho mjini Kisumu. Mtaani, akina mama waliwakataza watoto wao kupita chini ya minara. Wateja wa Katito walifika, wakasikia maneno, wakageuka na makapu yao matupu.

"Lakini hawa vifaranga mnaowaona wameanguliwa hapa hapa!" Mama Ouma aliwaambia.

"Tunajuaje kama wataishi, mama?" mmoja alimjibu. "Watoto wa shule wamepima. Sayansi haidanganyi."

Jioni moja Nekoye alimkuta Mama Ouma ameketi kizingitini, mikono mapajani. Debe la mahindi ya kuku lilikuwa tupu.

"Yawa, jamani, Nekoye," alisema polepole. "Nafikiri nitawauza wote kwa wenye hoteli, wachinjwe. Ouma itabidi arudi nyumbani. Nisaidie kuyafukia yale mayai yenu, kabla hayajanuka."

Nekoye alichimba shimo nyuma ya banda. Alikuwa akiyatia mayai shimoni mawili mawili, moja likamponyoka na kuvunjika juu ya jiwe. Akajiziba pua. Lakini halikunuka. Kiini cha njano kilimwagika, majimaji, bila damu yoyote.

Akasita. Mara nyingi alikuwa amemsaidia Mama Ouma kufukia mayai viza. Lile ambalo kifaranga amefia ndani huwa na mishipa ya damu, au kifaranga mdogo aliyejikunja. Akavunja la pili. Njano tupu. Akavunja la tatu, na la nne, mpaka yote yakaisha. Hakuna hata moja lililokuwa limeanza kuwa kifaranga.

"Mama Ouma," aliita, "yai likikosa kitu chochote ndani, maana yake nini?"

"Maana yake kuku aliyelitaga hakuwa na jogoo," alijibu Mama Ouma kutoka mlangoni. "Yai hilo ni la kukaanga tu. Hata uliatamie wewe mwenyewe."

Kesho yake, baada ya masomo, Nekoye na Lornah walikwenda Nyalenda. Walimkuta mjomba wa Wanyonyi, Bwana Khaemba, akiwapa chakula kuku weupe waliopangwa kwenye vizimba vya waya nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mjomba," alisema Nekoye. "Jogoo wako yuko wapi?"

Bwana Khaemba alicheka. "Jogoo wa nini? Anikulie chakula na kuwaamsha majirani? Mimi nauza mayai kwa wapika chai, binti yangu. Siuzi vifaranga."

Wasichana walitazamana. Njiani kurudi, Lornah ndiye aliyenena kwanza. "Kwa hiyo nyaya hazikuua chochote. Mayai yale hayakuwa na uhai tangu mwanzo."

Walimkuta Wanyonyi uwanjani na kumweleza yote. Alisikiliza, kisha akatazama huku na huku.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi tu," alisema Lornah.

"Basi tunyamaze. Maonyesho ni Ijumaa. Mwalimu mkuu ametutangaza. Mama yangu amewaambia watu wa kanisani kwamba nitasimama jukwaani. Tukisema sasa, tutachekwa Nyanza nzima."

"Na Mama Ouma?" aliuliza Nekoye. "Anataka kuwachinja kuku wake wote. Ouma ataacha shule."

"Sikufanya makusudi!"

"Najua hukufanya makusudi. Hata mimi niliyapanga mayai yale kwa mikono yangu, wala sikuuliza zaidi. Lakini sasa tunajua, Wanyonyi. Tukinyamaza sasa, hiyo itakuwa makusudi."

Wanyonyi aliupiga mpira teke ukaenda mbali, naye akaufuata. Nekoye hakuwa na shaka. Aligeuka, akaenda moja kwa moja chumba cha walimu.

Mwalimu Masinde alimsikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ilikuwa kazi yangu kuuliza mayai yametoka wapi," alisema. "Niliona jibu limekuja kama nilivyotarajia, nikafurahi, nikaacha kuuliza. Tunaweza kujiondoa kwenye maonyesho, Nekoye. Au tunaweza kwenda tukaeleze tulivyokosea. Unaonaje?"

"Twende, mwalimu. Watu walisikia uongo kutoka kwetu. Ukweli nao wausikie kutoka kwetu."

Ijumaa ukumbi ulijaa wanafunzi, wazazi na walimu. Mama Ouma alikuwepo pia, kwa sababu Nekoye alimsihi aje. Zamu yao ilipofika, Nekoye alipanda jukwaani. Alieleza swali lao, jaribio lao na matokeo yake. Watu wakatikisa vichwa kwa mshangao. Ndipo akasema, "Lakini jaribio letu halikuwa sawa. Mayai ya chini ya nyaya yalitoka kwa kuku wasio na jogoo. Yasingeweza kuanguliwa mahali popote. Tuliwaambia watu kwamba nyaya zimeyaua, na hatukuwa na haki ya kusema hivyo. Tunamwomba Mama Ouma msamaha."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaenea. Mtu mmoja akapiga mluzi. Nekoye alishikilia meza lakini hakushuka. Ndipo akaona Wanyonyi anapanda ngazi, uso umemwiva kwa aibu, akasimama kando yake.

"Mayai niliyaleta mimi," alisema kwa sauti kubwa. "Nekoye ndiye aliyegundua. Mimi nilitaka tunyamaze."

Ukumbi ukatulia. Katika meza ya waamuzi, mwanamke mmoja aliinua mkono. Alikuwa Daktari Nabalayo, mtafiti wa viumbe kutoka chuo kikuu.

"Kwa nini uliyavunja mayai yote?" alimuuliza Nekoye. "Kwa nini hukuridhika na moja?"

"Moja lingeweza kuwa la bahati mbaya, daktari."

Daktari Nabalayo aliandika kitu, akatabasamu kidogo. Hawakupata zawadi. Kikombe kilikwenda kwa shule iliyotengeneza chujio la maji. Lakini watu walipokuwa wakitoka, daktari aliwafuata hadi mlangoni.

"Swali lenu bado halijajibiwa," alisema. "Mnataka tulijaribu tena, safari hii sawasawa?"

Alikuja Nyamasaria wiki iliyofuata na kifaa cha kupimia nguvu ile isiyoonekana. Alipokisimamisha chini ya nyaya, mshale wake ulipanda. Alipokipeleka stoo ya shule, ulishuka karibu na sufuri. Watoto waligombania kukishika.

Mayai yote safari hii yalitoka kwa kuku wa Mama Ouma. Daktari aliyachanganya ndani ya karai, akamfunga Lornah macho kwa leso, akamwambia ayachague moja moja, hili la banda, hili la stoo.

"Kwa nini macho yafungwe?" aliuliza Wanyonyi.

"Ili mkono usichague kile ambacho moyo unakitaka," alijibu daktari.

Baada ya wiki moja waliingia stoo iliyo giza na tochi, wakamulika kila yai. Ndani ilionekana mishipa myekundu kama mizizi midogo. Bandani kwa Mama Ouma walijifunika blanketi na kumulika mayai yake. Mishipa ilikuwepo vilevile. Wanyonyi alikuja kila siku kuangalia maji ya kuku, hata siku za mpira.

Siku ya kuanguliwa ilipofika, nusu ya mtaa ilikusanyika kwa Mama Ouma, wakiwemo wateja wawili wa Katito. Kifaranga wa kwanza alitoboa ganda, akatoa mdomo, akalia. Mama Ouma alipiga vigelegele mpaka kuku akashtuka. Jioni walihesabu. Stoo ya shule ilikuwa na vifaranga kumi, bandani chini ya nyaya kumi na mmoja.

"Kwa hiyo nyaya hazina madhara!" alisema mteja mmoja.

"Taratibu, bwana," alisema Daktari Nabalayo. "Tusitoke kwenye kosa moja tukaingia jingine. Mayai machache kama haya hayawezi kujibu swali kubwa hivyo. Wataalamu duniani wanalichunguza kwa maelfu ya mayai, na hata wao bado wanabishana. Tunachoweza kusema ni kwamba hapa, kwa mayai haya, hatukuona tofauti. Na hatuna sababu ya kuwakimbia kuku wa mama huyu." Akawageukia watoto. "Watoto, minara msiipande, na nyaya msizichezee. Umeme ukikugusa unaua, na hilo halina ubishi."

Mwalimu Masinde aliomba nafasi ya kusema. Aliweka mkono mmoja begani kwa Nekoye na mwingine begani kwa Wanyonyi.

"Wanafunzi wangu, mtu yeyote anaweza kukosea. Mimi mwalimu wenu nilikosea. Lakini ukishajua kwamba umekosea, ukanyamaza ili usifiwe, kuna mtu mahali fulani anayelipia ukimya wako. Huyu mama alikaribia kupoteza kazi yake, na mwanawe masomo. Mkweli huchekwa kwa siku moja. Baada ya hapo akisema neno, watu humwamini."

Mteja wa Katito alikuwa tayari amechuchumaa na kapu lake. "Mama Ouma," alisema, "hawa wenye madoadoa utaniuzia lini?"

"Waache wapate manyoya kwanza," alijibu Mama Ouma, akicheka. "Halafu umuulize Nekoye. Yeye ndiye anayejua kuku wangu."