Mwalimu Aliyeikataa Pumu

Kwetu asubuhi huanza na sauti ya mama kutoka kwenye cherehani: "Kinanda, umeshavuta dawa?" Kinanda ni mdogo wangu. Jina hilo alipewa shuleni kwa uzuri wa sauti yake, na mimi nimebaki kuitwa "dada yake Kinanda", kana kwamba sikupewa jina nilipozaliwa. Ana pumu tangu utotoni. Ana inhela mbili, yaani vichupa vya kuvutia dawa kifuani. Moja huvuta kila asubuhi na jioni ili kifua kisibane. Ya pili, ya bluu, hukaa kwenye mkoba wake kwa ajili ya dharura.

Muhula ule tulipata mwalimu mpya wa kwaya, na kusema kweli kazi aliijua. Alitulaza sakafuni na madaftari juu ya matumbo, tukavuta pumzi mpaka daftari linyanyuke. Kisha aliwasha mshumaa, na kila mmoja akaimba mbele yake. Mwali ukicheza, umepoteza pumzi bure. Kinanda aliimba ubeti mzima na mwali umetulia tuli. Papo hapo akapewa kuongoza wimbo wa mashindano.

Siku ya mazoezi ya mwisho, saa ya mapumziko, nilifungua mkoba wake kutafuta kalamu. Inhela ya bluu haikuwemo.

"Iko wapi?" nilimuuliza.

"Anayo mwalimu. Ameifungia kabatini." Alisema kama anayezungumzia mwavuli. "Anasema hakuna pumu, dada. Kuna watu wasiojua kupumua tu. Ameona kwenye simu mtaalamu akieleza kwamba hivi vidude vinafanya mapafu yawe mavivu."

"Na ile ya asubuhi?"

"Nimeacha. Mama akiuliza naitikia tu. Wiki nzima sasa, na niko mzima kabisa."

Damu ilinichemka. Nilimwambia jioni ile mama angejua kila kitu, kisha nikamfuata mwalimu ukumbini. "Mwalimu, naomba inhela ya mdogo wangu. Tabibu alisema asitembee bila hiyo."

"Tabibu huyo anaimba sauti ya ngapi?" aliuliza, na kwaya nzima ikaangua kicheko. "Usimtie mwenzako woga. Panga mstari."

Nilipanga mstari nikiwa nimefura. Wenzetu walikuwa wametoka kufagia, na vumbi la chaki lilikuwa bado linaelea madirishani. Kinanda alianza vizuri. Kwenye ubeti wa pili alikohoa. Kwenye wa tatu nilisikia ile filimbi ndogo kifuani mwake, ninayoijua kuliko nyimbo zote.

"Tumia tumbo," mwalimu alisema. "Vuta taratibu."

Kinanda alijaribu. Mabega yalipanda, shingo ikabonyea kila alipovuta hewa. Alitaka kuniita, ikatoka silabi moja, "Da", nyingine haikuja. Midomo yake ilianza kubadilika rangi.

"Mwalimu, funguo," nilisema.

"Ngoja atulie, ni hofu tu..."

"Hawezi kutulia bila hewa. Nipe funguo."

Alizitoa mfukoni, akawa anazigeuzageuza asijue upi ni wa kabati. Nilimpokonya, nikakimbilia kabati lililokuwa kwenye kona ya ukumbi. Wa kwanza haukuingia. Wa pili uliingia ukagoma kuzunguka. Nyuma yangu filimbi ya kifua cha mdogo wangu ilikuwa inafifia, na hilo ndilo lililoniogopesha kupita yote. Wa tatu ukafungua.

Nilimkalisha wima, nikaitikisa inhela, nikamwekea mdomoni. Mvuto mmoja, ashike pumzi. Tukangoja. Mwingine. Tukangoja tena. Mwalimu alimbeba mwenyewe mpaka zahanati, mimi nikikimbia pembeni.

Mama alifika na tepu ya kupimia ingali shingoni. Kinanda alikuwa amevalishwa kinyago cha kupumulia mvuke wa dawa. Alipokivua tu, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Lakini wiki nzima nilikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima kwa sababu dawa uliyovuta zamani ilikuwa bado inakulinda," tabibu alimjibu. "Ilipopungua nguvu, vumbi likakukuta huna kinga. Wengi hudanganyika hapo. Anaacha dawa, anakaa vizuri kidogo, anatangaza amepona."

"Na kupumua kwa tumbo?" mwalimu aliuliza, macho chini.

"Zoezi zuri, linamsaidia kuimba. Haliondoi uvimbe kwenye njia za hewa. Sasa apumzike, asiimbe mpaka nimwone tena."

Mama alimgeukia mwalimu. Hakupaza sauti. "Huyo mtaalamu wa kwenye simu, ulimuuliza amejuaje?"

"Hapana, mama."

"Mimi je, uliniuliza?"

Mwalimu alimsogelea mama. Akamwomba radhi.

Kesho yake alisimama mbele ya kwaya. "Nilisema pumu haipo, jambo nisilolijua, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wenu, jana mkacheka nami. Mtu yeyote akiwaambia ugonjwa wenu haupo, hata nikiwa mimi, muulizeni amejuaje. Na dawa msiiache mpaka aliyewapa aseme muache."

Kijana mmoja wa sauti ya nne alinyoosha mkono. "Na mashindano, Mwalimu? Nani ataongoza wimbo?"

"Mwaka huu hatuendi. Kombe litakuwepo mwakani na mwaka utakaofuata. Jana nilibakiza kidogo nimpoteze mwenzenu, na huyo hatungepewa mwingine."

Hakuna aliyenung'unika. Nilikuwa nimeapa kumnunia mwalimu mpaka nimalize shule, ila baada ya maneno yale niliona sina sababu tena.