Vumbi la Chumba cha Mkwe

Ndugu zangu wa Ruangwa na wa Nachingwea, sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi amalize, maana hadithi hii ni ya kikohozi na sipendi kufuatishwa.

Pale Mandawa, nyumba ya tatu ukitoka mashine ya kusaga, anakaa Saburi. Ijumaa moja ya mwezi wa sita kulikuwa shwari kwake. Mikorosho inaanza kuchanua, mbuzi wametulia, mkewe Hafidha anakoroga uji, na Saburi mwenyewe yuko mbele ya kioo cha dirishani anajipaka poda shingoni. Tusifichane: wanaume wengine hupaka kidogo, Saburi humimina. Akiingia msikitini, waliosujudu hujua nani amefika kabla hawajainua vichwa. Kola ya shati lake la bluu imeshasahau kama iliwahi kuwa ya bluu.

Mara utulivu ukakatika. Kho! Kho! Kho!

Alikuwa Sabaha, binti yao wa miaka minne, aliyelala kitanda kimoja na wazazi wake.

"Unasikia?" Saburi alinong'ona, akielekeza kidevu kwenye mlango wa chumba cha pili. "Wiki tatu sasa. Na mama yako amekuja lini?"

"Wiki tatu," Hafidha akajibu bila kuacha mwiko. "Na mvua imekatika lini? Wiki tatu. Mbona mvua huishtaki?"

Mama aliyesemwa ni Bi Zuleha, aliyetoka Kiegei, Nachingwea, kuja kumsaidia bintiye kuvuna ufuta. Mama mpole, mcheshi, mwenye kosa moja tu: alifika wiki ambayo mtoto alianza kukohoa. Kwa Saburi hilo lilitosha. Neno lenyewe hakulitamka, lakini mnalijua. Alilizungusha mdomoni kama kokwa la embe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wiki ileile kuna wageni wengine tisa waliingia nyumba ile, na Saburi hakuwahesabu. Ni mifuko tisa ya salfa, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho isishikwe na ule ukungu wa ubwiriunga. Mwaka uliopita wezi walipita kijijini wakabeba salfa za watu, basi Saburi akaapa kwamba mwaka huu mwizi atamkanyaga yeye kwanza. Akaipanga mifuko chumbani juu ya chaga za kitanda, akatupa godoro juu yake, akatandika kanga pembeni isionekane. Mfuko mmoja ulichanika kona. Kila mtu akijigeuza usingizini, salfa inapumua: pfff! Jirani yake Eusebio alipokuja kuazima mfuko mmoja tu, Saburi alimwapia mbele ya mbuzi kwamba hana hata kijiko.

"Jumatatu nampandisha basi la Nachingwea," alisema Saburi.

"Mpandishe," Hafidha akasema. "Siti ya pembeni yake ni yangu. Sabaha nitampakata. Wewe utabaki na poda yako."

Hapo Saburi akafunika kopo la poda. Mke alimtaka, mtoto alimtaka zaidi, na usiku akisikia kile kifua kidogo kinavyofoka alikuwa anashindwa hata kulala. Tumcheke, lakini alikuwa baba mwenye hofu. Tena hofu ikikosa pa kushika hushika aliye karibu.

Jumapili ndipo akaja Laurencia. Huyu ni dada mtafiti, ameletwa na chuo kikuu kimoja kuchunguza vumbi la majumbani katika nyumba thelathini. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Amiri, alikuwa ametangaza siku mbili kabla: "Mgeni anakuja kuangalia vumbi la nyumba zenu!" Basi mnafikiri wanawake wa Mandawa walifanya nini? Walifagia. Walideki. Walipangusa mpaka miguu ya kuku. Mgeni aje akute vumbi, akaseme nini huko Dar? Laurencia alizunguka nyumba baada ya nyumba na kabrashi kake, sakafu zinang'aa kama sinia la harusi, akakaribia kulia.

"Mama, nililitaka vumbi," alimwambia Hafidha.

"Pole, mwanangu. Ungesema mapema tungekutunzia."

Kwa Saburi alikaa barazani akaeleza kazi yake. Vumbi likifika chuoni linawekwa ndani ya hadubini ya elektroni, mashine inayokuza chembe moja mpaka inaonekana kama jiwe la mlimani. Kisha elektroni zinaigonga ile chembe, na kila elementi iliyomo inajibu kwa mionzi yake.

"Inajibuje?" Saburi aliuliza.

"Kama kikohozi," Laurencia akasema. "Ukiwa chumba cha pili, mtu akikohoa si unamjua? Huyu baba, huyu bibi. Basi chuma kina kikohozi chake, alumini ina chake. Mashine inasikiliza tu na kutaja majina."

"Hata kama kitu kimefichwa?"

"Hakuna kinachojificha."

Macho ya Saburi yakawaka. Hii ndiyo mashine aliyokuwa akiisubiri! Mganga anaweza kukosea. Mashine ya chuo haina undugu na mtu. Akasahau habari ya basi. Ila Laurencia aliposimama ili aingie vyumbani, Saburi akaruka mlangoni akatandaza mikono kama golikipa. Chumbani kwake kuna mifuko, mnakumbuka.

"Mgeni haingii chumba cha baba," alisema. "Niachie vifuko, nitajaza mwenyewe."

Laurencia akamwachia viwili, kimoja cha chumba cha wazazi, kingine cha chumba cha pili. Akamsisitiza: "Kila vumbi na chumba chake, kaka. Ukichanganya, majibu yanadanganya."

"Mimi nimesoma," Saburi akasema. Na kweli, alifika mpaka darasa la saba.

Shida ikaanza alipobaki peke yake. Ushahidi alioutaka ulikuwa chumba cha Bi Zuleha, na mkwe mwenye adabu zake hakanyagi chumba cha mama mkwe hata nyumba ikiungua. Atasimama nje aombe moto ujadiliane naye. Kumtuma Hafidha haiwezekani. Tena chumba kile kilikuwa kimedekiwa mpaka kinanuka sabuni.

Akakaa juu ya kitanda chake akawaza. Pfff. Akawaza tena. Akili ya Saburi ikitaka kupita mahali, hutoboa ukuta. Akajiambia hivi: mama mkwe akitupa mambo yake, anayatupa yafike wapi? Si kwa mtoto? Mtoto analala wapi? Hapa. Kwa hiyo vumbi la chini ya kitanda hiki, ambako Hafidha amekatazwa kufagia, ni la mama mkwe, limetua tu huku. Akainama, akakomba gizani bila kutazama, akakaza kifuko, akaandika kwa herufi kubwa: CHUMBA CHA MKWE. Kile cha chumba cha wazazi akakijaza udongo wa kizingitini. Kesho yake akavikabidhi, akamwagia shingo yake poda ya ushindi.

Majibu yalichukua wiki tatu. Sabaha akaendelea kukohoa, sasa mpaka anashika mbavu. Bi Zuleha alishajua anavyotazamwa. Mtu huhisi. Akawa anakula kidogo na kuongea kidogo, na begi lake likawa limefungwa zipu, limesimama nyuma ya mlango kama mtu anayesubiri kuitwa.

Laurencia aliporudi alimkuta Saburi ameshaita watu. Mzee Amiri yupo, Eusebio yupo, baraza imejaa.

"Kaka, utaratibu wetu tunasoma na mwenye nyumba peke yake," Laurencia akasema.

"Soma hadharani! Nyumba yangu haina siri."

"Una hakika?"

"Soma, dada!"

Akasoma. "Chumba cha wazazi. Silikoni, alumini, chuma. Huu ni udongo mwekundu, kama wa barabarani."

"Safi!" Saburi akawageukia watu. "Mmesikia chumba changu?"

"Chumba cha mkwe." Laurencia akakunja uso. "Hapa kuna salfa, nyingi kuliko nyumba zote thelathini. Anayelala humo kila siku anavuta salfa, lazima kifua kimsumbue."

Watu wakaguna. Hafidha akamshika mama yake mkono. Saburi alisimama akainua kidole mpaka kikagusa paa la baraza.

"Mmesikia! Mama wa Kiegei na salfa wapi na wapi? Kikohozi cha mwanangu kimepata mwenyewe! Leo hii basi..."

"Sijamaliza," Laurencia akasema. "Kwenye salfa hiyo kuna chembe nyingine. Bapa, kama magamba. Magnesiamu na silikoni pamoja. Hii ni poda ya kujipaka. Imejaa."



Jamani, mmewahi kuona watu arobaini wakigeuza macho kwa pamoja bila kuamrishwa? Yalipita kwa Bi Zuleha, yakaona shingo kavu ya mama wa watu, yakahamia kwa Saburi, yakatua kwenye kola.

"Saburi," Mzee Amiri aliita taratibu, "vumbi la chumba cha mkweo nani alilikomba?"

"Mimi, mzee."

"Kwa hiyo uliingia chumbani kwa mama mkwe wako?"

Loo! Akisema aliingia, hana uso wa kutembea nao kuanzia Mandawa mpaka Masasi. Akisema hakuingia, lile vumbi limetoka wapi? Jasho likamchuruzika, likaichora poda mitaro miwili.

Aliyemjibia ni Bi Zuleha.

"Mzee mwenyekiti, hilo namtetea. Mkwe wangu ana adabu. Wiki sita niko hapa, hajavuka kizingiti changu hata kwa kivuli chake. Naapa."

Ndugu zangu, kuna utetezi unaoua kuliko mashtaka.

Hafidha aliinuka. Aliingia ndani, ikasikika kanga ikivutwa, godoro likianguka, kisha akatoka kinyumenyume anaburuta mfuko, nyuma yake mstari wa njano kama njia ya konokono.

"Huu wa kwanza," alisema, akihema. "Iko tisa. Tunailalia. Mwanangu anailalia!" Na hapo akainamisha uso, kwa sababu yeye naye alikuwa akiilalia na kunyamaza.

"Jirani," Eusebio akauliza kwa upole wa kuudhi, "ule wa kijiko ndio upi?"

Watu walicheka mpaka mbuzi wakakata kamba. Lakini Saburi hakucheka. Alikuwa anamtazama Sabaha kwenye mapaja ya bibi yake. Kila usiku wa wiki zile alimkumbatia, akimvuta katikati ya kitanda ili asianguke, na katikati ndiko kulikuwa na ile kona iliyochanika. Akapiga magoti palepale, macho chini kama inavyompasa mkwe.

"Mama, nilikudhania vibaya. Sina la kujitetea."

"Simama, baba," Bi Zuleha akasema. "Magoti utayatumia kudeki."

Akadeki. Siku mbili, peke yake, kitambaa chenye maji puani. Mifuko ikaenda kwenye banda la miti alilojenga mbali na nyumba, likafungwa kufuli, na mmoja ukaenda kwa Eusebio. Sabaha alipelekwa zahanati, muuguzi akampima kifua na kumpa dawa. Mwezi haukuisha kikohozi kikakoma. Usiku wa kwanza wa kimya Saburi aliamka mara nne kumgusa kama anapumua.

Bi Zuleha aliondoka ufuta ulipokwisha, kwa hiari yake, Saburi akimbebea begi mpaka kwenye basi. Wiki iliyofuata konda akamletea kifurushi kutoka Nachingwea. Ndani mlikuwa na kopo kubwa la poda na karatasi: "Paka, mkwe wangu. Ukipotea, tutakupata."

FUNZO

Hadithi yangu mmeicheka, sasa iwekeni akilini. Dawa ya shamba ikae mbali na chumba cha kulala. Kinachoua ukungu wa mkorosho hakiwi shuka la mtoto. Wezi ni wabaya, lakini mwizi huchukua salfa, hachukui pumzi.

Mtoto akiumwa, apelekwe zahanati kabla hajatafutwa mtu wa kulaumiwa. Mama mkwe aliyekuja kuvuna ufuta hakuja kuvunwa yeye. Wangapi tumewafungisha mabegi kwa ushahidi wa "alikuja wiki ileile"?

Na mtaalamu akikuuliza, mpe kitu chenyewe kilivyo, pamoja na aibu yake. Saburi aliitaka mashine imtajie mchawi. Mashine haimjui mchawi, inajua kilichomo kwenye kifuko tu. Alichokiweka yeye ndicho kilichomtaja.

Nikimaliza hapa naenda kufagia chini ya kitanda changu. Nawe kafagie chako, kabla ya Laurencia.