Alama Kumi za Redio

Kila akitoka shule, Redio alipitia kwenye duka la baba yake, kinyozi, akavua viatu na kuchukua ufagio. Kazi yake ilikuwa kufagia nywele na kupangusa vioo. Kazi ambayo hakupewa na mtu, lakini aliipenda zaidi, ilikuwa kubeba habari. Nani kaposwa, nani kagombana na mwenye nyumba, yote aliyajua na yote aliyasema. Ndiyo maana wateja walimwita Redio, na jina likamganda.

Dada yake mkubwa walimwita Wakili, kwa sababu alikuwa mbishi tangu utotoni. Alitaka kusomea sheria chuo kikuu, na mwaka huo alikuwa amefanya mtihani wa kuingilia. Nyumba nzima ilijua kwamba kwenye sheria, bila alama sabini huingii. Baba alishawatangazia wateja kuwa kiti cha dirishani kitakuja kukaliwa na mahakimu.

Ujumbe wa matokeo uliingia kwenye simu ya Baba duka likiwa limejaa. Baba alikuwa na mashine mkononi, miwani imejaa vipande vya nywele.

"Redio, nisomee mwanangu! Kwa sauti!"

Redio akafungua ujumbe. Sitini na mbili.

Aliinua macho. Duka zima lilikuwa linamtazama.

"Soma basi, au simu imekung'ata?" akasema fundi bomba, mteja ambaye hakosi dukani hata siku ambayo hana nywele za kunyoa.

Watu wakacheka. Baba alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Sabini na mbili," Redio akasema.

Duka lililipuka kwa vifijo. Katikati ya kelele hizo Redio akajibanza pembeni, akaufuta ujumbe kabla mtu hajaomba kuuona. Alijiambia kwamba jioni atamweleza dada yake faraghani. Lakini jioni majirani walijaa mpaka barazani, na Wakili alikuwa analia kwa furaha huku akimgawia shoga yake vitabu vyote alivyosomea mtihani. Redio akasema, basi kesho. Kesho ikaja, akasema kesho tena.

Waliofaulu wakaanza kupata ujumbe wa kupewa nafasi. Wakili hakupata. Kila siku aliikagua simu ya Baba, na kila siku uso wake ulizidi kukunjamana. Mwishowe akaingia dukani kama upepo.

"Baba, wameuza nafasi yangu! Msichana aliyepata sabini amepewa. Mimi mwenye sabini na mbili nimeachwa!"

Baba akazima mashine. Fundi bomba alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili msitu.

"Wamemwona mtoto wa kinyozi, wakadhani hana mwenyewe," Baba alisema, sauti inamtetemeka kwa hasira. "Twende huko huko chuoni. Redio, funga mlango, na wewe uje."

"Na mimi naja," akasema fundi bomba, akivua kitambaa shingoni.

"Na hicho kichwa?"

"Kichwa kitamaliziwa baadaye. Haya si ya kunyamazia."

Njia nzima walifoka. Redio alifuata nyuma, ulimi ambao haukuwahi kuishiwa maneno umekauka.

Katika ofisi ya chuo, Wakili hakungoja salamu. Alipiga kiganja kwenye meza ya karani. "Nafasi yangu mmempa nani? Mmekula rushwa ya nani?"

Karani, mama wa makamo, akasimama. "Binti, sijawahi kula rushwa ya mtu. Usinivunjie heshima."

"Heshima gani?" Baba akadakia. "Mwizi ana heshima?"

Karani akanyoosha kidole mlangoni. "Mlinzi! Watoe hawa."

Mlinzi alimshika Wakili mkono. Wakili akajinasua, anapiga kelele, machozi yanamtoka. Redio akaona dada yake anaburutwa kama mhalifu, na mama wa watu anaitwa mwizi.

"Mwacheni!" akalia. "Ni mimi! Ilikuwa sitini na mbili. Nilidanganya, halafu nikafuta ujumbe."

Mlinzi akauachia mkono wa Wakili.

"Kwa nini?" Wakili aliuliza polepole.

"Nilikuonea huruma."

"Huruma?" Sauti ya Wakili ikapanda hadi darini. "Nimegawa vitabu vyangu! Nimemtukana mama wa watu! Ungeniambia ningelia siku moja, basi. Wewe umenifanya kichekesho!"

Karani aliketi, akapumua. "Waliopata kuanzia sitini wanaruhusiwa kurudia mtihani. Wenzako wameshajiandikisha. Leo ndiyo mwisho, na dirisha la kujiandikisha linakaribia kufungwa."

Wakili hakungoja. Alikimbia. Baba akabaki ameinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Nimekuvunjia heshima bila kuuliza kwanza."

"Redio," Baba akasema walipotoka, "sikukulea uwe hivi. Uliogopa dada yako atalia, ukamnyima nafasi ya kujipanga. Ukweli ulikuwa wake, si wako kuugeuza. Na mimi nina kosa, nilikuwa nimeshacheka kabla hujasoma."

Wakili aliwahi dirishani, akaandikishwa wa mwisho. Alirudi bado amefura. "Redio ilitangaza, redio isahihishe," alisema. "Kila uliyemwambia, mwambie. Anza na shoga yangu mwenye vitabu."

Redio alibisha hodi mlango kwa mlango. Wengine walimcheka, wengine walimfokea, na shoga wa Wakili alimrudishia vitabu kwa kumrushia miguuni. Aliviokota vyote. Tangu siku hiyo kazi za ndani za dada yake alizifanya yeye, ili Wakili apate muda wa kusoma. Wakili alisoma na kununa, akanuna na kusoma.

Matokeo ya mara ya pili yalikuja duka limejaa vilevile. Baba akataka kusoma mwenyewe, lakini Wakili akamzuia, akampa Redio simu.

"Soma. Ilivyo, hata kama ni sifuri."

Redio akafungua ujumbe. "Sabini."

Hakuna aliyeshangilia. Wakili aliichukua simu, akaangalia kwa macho yake. Akampa Baba, Baba akapangusa miwani, akaangalia. Fundi bomba naye akaangalia. Redio alisimama katikati ya nywele, uso umemwiva kwa aibu.

"Ni sabini kweli," akasema Wakili, na hapo ndipo duka lilipolipuka.

Baba alimwekea Redio mkono begani. "Umeona, mwanangu? Umesema kweli, na bado imebidi tuhakikishe. Hilo ndilo ulilokuletea uongo. Endelea kusema kweli mpaka tusihitaji tena kuangalia."

Wakili akamwekea simu mkononi. "Huu usiufute," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akacheka.