Mkwe Aliyetaja Jina

"Nyamazeni jamani! Zamu ya Lukas hiyo!"

Waombolezaji wakanyamaza chini ya turubai. Nerolyn akaongeza sauti ya redio, macho yamemvimba kwa kulia. Maiti ya baba yake ilikuwa imelazwa ndani, na Lukas, mtangazaji kipenzi cha mji wa Madang, ndiye mwanamume aliyeishi naye miaka mitatu.

Kwao mkwe hathubutu kutamka jina la baba mkwe. Humwita "tambu", basi. Walikuwa wamekubaliana: jina angelisoma Silas, mtangazaji mwenzake, na Lukas angesema tu, "Tambu wangu ametutoka." Mji mzima ungejua kuwa Nerolyn ana mume.

"Wasikilizaji," sauti ya Lukas ikasema, tamu kama kawaida, "tunasikitika kutangaza kifo cha mzee Benedik Sawang..."

Shangazi akaziba mdomo. "Hee! Kamtaja!"

Mama Agata alimtazama binti yake, kisha akainamisha kichwa. Aibu ile ilimchoma Nerolyn kuliko msiba wenyewe. Akatoka kando na kupiga simu.

"Umelitaja jina la baba."

"Nero, mpenzi, kazi ni kazi. Nimesoma kilichoandikwa."

"Silas hakuwepo?"

"Alikuwepo."

"Sasa?"

"Wafadhili wa kituo wanasikiliza kutoka Moresby. Unajua vijana wangapi tumewatoa kwenye magenge kwa pesa zao..."

"Mfadhili gani anayekereka ukiwa na mke? Mtaje. Si leo unataja majina?"



"Josepha," Lukas akasema. "Anadhani sina mke, anangoja nimwoe. Nilitaka nikuambie baada ya mazishi."

Nerolyn akakata simu. Vijana wale aliwapikia yeye, akawaosha majeraha ya visu kwa mikono yake, huku mwenzake akijinadi kule mji mkuu, Moresby, kuwa kapera. Roho ilimuuma hadi akakaa chini.

Ujumbe ukaingia: "Ukiniumbua, kituo kinakufa. Vijana watarudi kuua na kuuawa. Utalala usingizi?"

Akaizima simu, akarudi chini ya turubai.

Alasiri Lukas akaja na gari la kituo, vijana wamejaa nyuma pamoja na nguruwe mnono wa matanga. Baba mdogo Imbo akamzuia langoni.

"Nguruwe wa nani?"

"Wangu, baba mdogo. Mimi mkwe wenu."

"Mkwe! Ya redioni tumesikia sote."

"Ulimi uliteleza."

Watu wakamgeukia Nerolyn. Nguruwe akipokelewa, Lukas ni mkwe na yamekwisha. Akikataliwa, ardhi ya kituo inarudi kwa ukoo, maana marehemu alimpa mkwe, hakumpa mgeni. Na bado Nerolyn alimpenda Lukas, mjinga yeye.

"Nero," Lukas akanong'ona, "wafikirie vijana."

Mama Agata akamshika mkono. "Mwanangu, huyu ni nani kwetu?"

Nerolyn akamgeukia mama yake.

"Ni mtangazaji wa redio, mama. Amekuja kutoa pole."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. "Asante kwa pole, mtangazaji. Nguruwe ondoka naye. Ardhi tutaongea baada ya kuzika."

"Mnawaua hawa vijana!" Lukas akafoka. "Mnasikia? Mnawaua!"

Vijana wakashuka mmoja mmoja, wakachukua sepetu na kuelekea kaburini. Lukas akawasha gari, akapiga honi, akasubiri wapande. Hakupanda hata mmoja.