Tumbo Lisilosikia Moto

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, msusi hapa Turffontein, mtaa mmoja huku kusini kabisa mwa Afrika. Kwetu ni Lubumbashi. Ndugu wasomaji, siku hizi nikigusa tumbo langu ni kama nagusa la mtu mwingine...

Baada ya mtoto wa tatu tumbo lilining'inia. Wateja waliniuliza mimba ina miezi mingapi. Nilicheka nao, nikaendelea kusuka. Mwishowe nikapasuliwa kwenye kliniki moja ya mjini. Walikata ngozi iliyozidi, wakaivuta iliyobaki, wakashona kutoka nyonga hadi nyonga.

Siku ya kuruhusiwa nesi alinionya. Ngozi itakuwa na ganzi kwa muda mrefu, nisiweke kitu chochote cha moto. Na nikiona rangi inabadilika, au majimaji, au harufu, nirudi siku hiyo hiyo, hata kama siumwi. Niliitikia.

Nyumbani alinisubiri Yaya Odette, dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenikanda nilipojifungua mara zote tatu. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, kisha hufungwa tumbo kwa kitenge mpaka apumue kwa shida. Kwa Yaya, tumbo lililofunguliwa ni tumbo la mzazi. Nilimweleza maneno ya nesi. Akacheka, akasema yule msichana bado hajazaa.

Ningebishana vipi na mikono iliyonilea?

Akachovya taulo, akalikamua, akaliweka juu kidogo ya mshono. Mvuke ulipanda. Vidole vyake vilikuwa vyekundu.

"Inakuchoma?"

"Hapana, Yaya."

"Unaona? Tumbo inakubali."

Ikawa hivyo kila asubuhi, na baada ya taulo, kitenge kilichokazwa. Kwenye uzazi nililia chini ya taulo lile. Safari hii nilitazama dari tu. Sikuumia, basi tukaamini napona...

Ngozi chini ya kitovu iligeuka zambarau. Yaya akasema ni damu mbaya inatoka. Ikawa nyeusi, ngumu kama kiatu kilichonyeshewa kikakauka. Akasema ni gamba, litabanduka. Kisha kitenge kikaanza kulowa maji ya rangi ya chai. Mume wangu alihamia kwenye kochi, eti asinigonge usingizini. Akina mama wa kanisa walikuja kunitazama. Walibaki karibu na mlango, wakafungua dirisha, wakasifu supu ya Yaya. Wote waliisikia harufu! Walinyamaza kwa adabu. Mimi pua yangu ilishaizoea.

Aliyesema ni Mama Zawadi, jirani yetu Mtanzania aliyeolewa na mtu wa hapa. Aliingia na machungwa, akasimama, akafunua shuka bila kuomba ruhusa.

"Shoga, tumbo linaoza. Vaa kandambili twende."

Yaya alijibu kwamba mgonjwa bado hajakandwa. Mama Zawadi alikuwa ameshika funguo za gari tayari. Njiani, kila robot ilipowaka nyekundu, alipiga honi kama vile taa hiyo ya barabarani ina masikio.

Daktari alinibonyeza kwa kalamu, akauliza kama nasikia. Sikusikia. Alisema moto uliunguza ngozi ambayo damu yake ilikuwa bado haba, na kitenge kikaibana hiyo kidogo iliyokuwa ikipita. Walikata sehemu iliyokufa. Kitovu kilikwenda nayo. Kidonda kiliachwa wazi, kikawa kinajazwa bandeji kwa miezi mingi.

Yaya alikuwa koridoni, taulo lake kwenye mfuko wa plastiki. Alipoelezwa, alitazama viganja vyake. Hakuomba msamaha, nami sikumlaumu. Alipanda basi la kurudi Lubumbashi. Nilimpungia mkono bila chozi. Tukipigiana simu tunaongelea mvua.

Mtoto wangu wa kati aliuliza, kwa Kizulu kama kawaida yake, mama alizaliwaje kama hana kitovu. Nilimwambia ale chakula chake.

Dada zangu, mkipasuliwa, msiyaulize maumivu kama mnapona. Yangu yalikuwa kimya. Itazameni ngozi kwa macho, penye mwanga. Ikibadilika rangi, ikivuja, ikinuka, rudini kwa aliyewashona, hata kama anayewazuia anawapenda.

Nanyi mnaotembelea wagonjwa... mkisikia harufu, semeni. Chumba changu kilijaa watu wenye adabu. Nilimhitaji mmoja tu asiye nayo, na alichelewa kidogo.