Malengelenge Mdomoni mwa Waridi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Waridi alifagia ua wa nyumba yao ya Buyenzi, kisha akamchemshia mama maji ya kumwogeshea Khaled. Khaled, mdogo wake, alikuwa na siku tisa tu tangu azaliwe.

Waridi mwenyewe alikuwa ametoka kuugua malaria. Homa ilikuwa imeisha, lakini ilimwachia malengelenge pembeni mwa mdomo, yakiwasha na kuchoma. Aliona haya. Akavuta ushungi ukafunika midomo, na mama yake, Assia, alipomuuliza, alijibu kwamba anakohoa.

"Basi usimbusu mtoto," mama alisema.

Asubuhi hiyo mama alipokuwa akianika nguo, Khaled alilia. Waridi alimbeba, akamtuliza, na kabla hajafikiri akambusu shavuni.

Shuleni, wakati wa mapumziko, alishusha ushungi ili anywe maji. Mélissa, aliyekaa naye dawati moja, akamtazama.

"Mama yangu anayajua hayo," alisema. Mama yake, Daphrose, alikuwa muuguzi. "Anasema yanaambukiza. Sisi yanatuchoma tu, lakini mtoto mchanga anaweza kuugua sana, hata kufa."

Waridi hakuyanywa yale maji. Somo la hesabu lilipoanza, hakuona hata namba moja ubaoni. Alikaa upande huu wa dawati, akahamia upande ule. Nikisema, mama atanikasirikia, aliwaza. Nisiposema je? Vidole vilimwendea mdomoni, akavirudisha mapajani. Mwishowe alisimama, akaomba ruhusa, akakimbia hadi nyumbani.

"Mama, si kikohozi," alisema akihema, akashusha ushungi. "Nilikudanganya. Na nimembusu Khaled."

Mama akalitazama shavu la Khaled. Kisha akamfunika mtoto kwa kitenge. "Twende kwa Mama Mélissa."

Katika kituo cha afya, Daphrose aliwapeleka kwa daktari, naye akampima Khaled mwili mzima.

"Kwa sasa sioni ugonjwa," daktari alisema. "Lakini akipata joto, akikataa kunyonya, akilegea au akitokwa na lengelenge, mleteni saa hiyohiyo."

Zikafuata wiki mbili ndefu. Waridi alitumia kikombe chake peke yake, akanawa mikono kila mara, na hakumbeba mdogo wake. Kila alipotoka shuleni aliuliza akiwa bado mlangoni, "Amenyonya?"

"Amenyonya," mama alijibu.

Walipomrudisha Khaled kituoni, alikuwa mzima, tena ameongezeka uzito. Midomo ya Waridi nayo ilikuwa imepona. Daphrose akamketisha karibu.

"Malengelenge si aibu, mwanangu. Wengi huyapata baada ya homa, na yanaweza kurudi. Ulipoyaficha, ulimweka mdogo wako hatarini. Ulipokuja kusema, ulitupa nafasi ya kumlinda. Yakitoka tena, sema siku ileile."

"Nitasema," Waridi alijibu.

Mama akamweka Khaled mikononi mwa Waridi.