Kichwa na Mkia

"Mwewe, una dakika tisa," Mkuu alisema redioni. "Saa sita mchana kifurushi cha programu kinaingia kwenye pampu zote za maji. Una uhakika ni kibovu? Si ulikipitisha mwenyewe?"

 Mwewe alikuwa anapanda ngazi mbili mbili, bastola kiunoni, kompyuta mpakato na daftari kwapani.

Jasusi aliyevaa sare ya mlinzi alimrukia kwenye kona. Mwewe alimtandika kiwiko cha koo, akampita.

Chumba cha seva. Baridi. Alichomeka waya.

Kila faili la programu lina alama yake, kama ya kidole: herufi na tarakimu sitini na nne. Ukigusa chochote ndani yake, alama yote inageuka. Alama za mafaili halali idara iliziandika kwenye daftari la karatasi, lisidukuliwe, na maofisa walilinganisha kwa macho.

Sitini na nne! Nani ana subira hiyo? Wote waliangalia nne za mwanzo na nne za mwisho. "Kichwa na mkia," walitaniana, "samaki keshajulikana."

Jumatatu Mwewe aliliangalia hivyo hivyo faili la kifurushi hiki, akagonga muhuri. Jioni pampu ya kwanza kuwekewa ikamwaga dawa ya kusafisha maji kupita kiasi. Kwa kuwa faili lilihesabiwa safi, alikamatwa fundi wa pampu, mume wa dada yake.

"Hajagusa kitu, nakuapia," dada alilia kwenye simu.

"Mashine haidanganyi, dada."

Maneno hayo yalimchoma sasa. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye karatasi, akalinganisha na skrini moja moja.

Nne za kwanza, sawa. Ya tano, tofauti. Ya sita, tofauti. Katikati yote, takataka. Nne za mwisho, sawa.

Wale majasusi waliijua tabia ya maofisa. Walilichezea faili mpaka ncha mbili za alama yake zikafanana na za faili halali.

Alilifuta. Saa ilisoma sita kasoro dakika moja.

"Limekwisha, Mkuu."

"Kazi safi! Tutaandika shemeji yako alilibadilisha baada ya muhuri wako. Umesalimika."

Mwewe alifumba macho. Aliona aibu hadi masikioni.

"Andika niliangalia kichwa na mkia."

Alizima redio, akashuka ngazi polepole, akavuka barabara hadi kituo cha polisi. Aliweka bastola na kitambulisho mezani.

"Mfungueni fundi wa pampu," alimwambia askari. "Mlango uacheni wazi. Naingia mimi."